Nakasuga wa Yamaha: namba 2 ya Valencia aliipata kwa kazi yake ya majaribio

Swali la msomaji, nimelifupisha kidogo: "Kaka mtaalamu, nimeangalia marudio ya MotoGP Valencia 2012, kuna Mjapani anaitwa Katsuyuki Nakasuga kamaliza wa pili, mbele ya Casey Stoner kabisa, alafu baada ya hapo simwoni tena. Ilikuwa bahati ya mvua? Na kama alikuwa mkali hivyo, kwanini Yamaha walimwacha awe wa kujaribia pikipiki tu?"

Asante ndugu yangu, hili swali nimelisubiri siku nyingi mtu aniulize, maana huyu jamaa namfuatilia na naona watu wanampunja sana heshima yake. Kwa kifupi, mvua ilimsaidia ndio, lakini mvua ilinyesha kwa wote, na kilichomfikisha pale jukwaani ni hiyohiyo kazi ya majaribio ambayo wewe unaiona kama alionewa. Sasa twende taratibu.

Tuanze na mbio zenyewe. Ilikuwa tarehe 11 Novemba 2012, mbio za kufunga msimu wa MotoGP, yani ligi kuu ya dunia ya mbio za pikipiki, uwanja wa Ricardo Tormo pale Valencia, Hispania, kauwanja kafupi ka kilomita 4 hivi, mizunguko 30. Nakasuga hakuwa dereva wa msimu ule. Ben Spies wa timu ya kiwanda ya Yamaha, yani timu ya kampuni yenyewe, aliumia bega kule Malaysia, kiti kikabaki wazi, wakamwita mtu wao wa Japani. Siku hiyo lami ilikuwa imelowa lakini inakauka, na hiyo ndo hali mbaya kuliko zote kwa dereva wa pikipiki, bora mvua inyeshe kweli ujue moja. Ukiweka tairi za mvua, zile laini zenye mifereji, lami ikianza kukauka zinapata moto na kuchakaa haraka sana. Ukiweka sliki, zile zisizo na mifereji kabisa, zinataka joto ndo zishike, na ukikanyaga sehemu iliyolowa umelala chini kabla hujajua nini kimetokea. Kwahiyo inabaki njia moja nyembamba iliyokauka, upana wake labda mita moja na kitu, na wewe unatakiwa upite humo humo kila kona, mzunguko baada ya mzunguko.

Angalia sasa nini kilitokea. Dani Pedrosa wakati wa mzunguko wa kupasha tairi aliona amekosea tairi, akaingia piti, kule pembeni zinakokaa timu, kubadilisha pikipiki, ikabidi aanzie njia ya piti wenzake wakiwa wameshaondoka, na bado akashinda, siku ile alikuwa wa moto kwelikweli. Jorge Lorenzo wa Yamaha, ambaye ubingwa alikuwa ameshauchukua Australia, alitaka kumpita dereva wa nyuma anayezungukwa, James Ellison, akatoka kidogo tu nje ya ile njia kavu, pikipiki ikamrusha juu kama mtu aliyepigwa teke. Cal Crutchlow alikuwa namba 2, naye akaenda chini. Nakasuga akabaki amesimama, akapanda hadi namba 2 na akaishika mpaka mwisho, sekunde 37 hivi nyuma ya Pedrosa, na Stoner, ambaye hiyo ilikuwa mbio yake ya mwisho kabla ya kustaafu, akaja wa tatu dakika nzima nyuma ya mshindi. Ukipiga hesabu hapo, Nakasuga kamwacha Stoner zaidi ya sekunde 20. Ya kusema alisukumwa na bahati mpaka jukwaani mimi siikubali, maana sekunde 20 kwenye lami ya namna ile unazipata kwa kuendesha.

Alafu kumbuka mwaka mmoja nyuma, uwanja uleule, mbio za mwisho za 2011, alikuwa ameitwa kuziba nafasi ya Lorenzo aliyeumia kidole Phillip Island kule Australia, akamaliza wa 6. Yani mtu anatoka Japani, anapewa pikipiki ya bingwa, anawekwa kwenye gridi na watu walioshindana wao kwa wao mwaka mzima, anamaliza wa 6. Mwaka unaofuata wa pili. Sidhani kuna kiwanda kingeomba zaidi ya hapo kwa dereva wa akiba.

Sasa kazi ya majaribio yenyewe, maana hapa ndo penye jibu lako na watu wengi hawaijui. Wengi wanadhani dereva wa majaribio ni mtu anayezunguka uwanja polepole kuangalia kama injini haivuji oili. Hapana. Chukua mfano wa siku moja ya kujaribu fremu mpya, yani kiunzi cha pikipiki. Dereva anaanza na pikipiki ya kawaida, ile anayoijua, anapiga mizunguko kadhaa kwa kasi ya mbio, anarudi piti, anaongea na mainjinia. Anapewa yenye fremu mpya, mizunguko ileile, tairi ya umri uleule, mafuta kiasi kilekile, anarudi, anaongea. Na hapo hawajamaliza, anarudishiwa tena ile ya kwanza. Kwanini? Kwasababu tangu asubuhi jua limepanda, lami imepata joto, mpira wa tairi umeganda kwenye njia ya kupita na kushika kumeongezeka, kwahiyo inawezekana fremu mpya imeonekana nzuri kumbe ni uwanja ndo umekuwa mzuri. Ile kurudia pikipiki ya kwanza ndo inatenganisha ukweli na uongo. Sasa fikiria fremu mpya imeleta nafuu ya sehemu moja ya kumi ya sekunde kwa mzunguko. Dereva ambaye muda wake wenyewe unapanda na kushuka nusu sekunde hawezi kuiona hiyo tofauti milele, imezama kwenye makosa yake. Inatakiwa mtu anayepiga mizunguko 10 na yote inafanana, na mwili unachoka, na jua linawaka, na bado inafanana. Ni kama mpishi anayeonja sufuria 5 za mchuzi mfululizo na ulimi wake bado unakumbuka chumvi ya ile ya kwanza.

Na kuna kitu kingine kigumu zaidi. Dereva mwenye kipaji kikubwa sana huwa anaficha ugonjwa wa pikipiki bila kujua. Mbele ikianza kuteleza yeye anainyanyua kwa goti, nyuma ikitikisika anahamisha uzito, muda unatoka mzuri na anakuja kukwambia pikipiki iko poa. Poa kwa nani? Kwake yeye. Mwenzake akipanda anaanguka kona ya kwanza. Wa majaribio inabidi awe na mkono wa kumfikisha kwenye kasi ileile lakini pia aiache pikipiki ioneshe tabia yake, alafu akirudi aeleze. Na kueleza sio kusema inatetemeka. Inatetemeka wapi, wakati unaingia kona bado umeshika breki, au katikati umeachia kila kitu, au unatoka unavuta mafuta? Mbele au nyuma? Imelala kiasi gani? Tanki limejaa au limebaki nusu? Tairi mpya au imeshakula mizunguko 15? Mainjinia wana kompyuta zimejaa vipimo kutoka kwenye pikipiki, ila kompyuta inakwambia nini kimetokea, yule mtu ndo anakwambia kwanini hakuthubutu kufungua mafuta mapema. Mimi kwenye kazi yangu ya kufunga na kurekebisha suspensheni nimeona hili mara nyingi, mteja mmoja anayejua kueleza anakuokolea nusu siku ya kubahatisha.

Sasa rudi Valencia uone. Njia nyembamba kavu, unatakiwa upite palepale kila mzunguko bila tamaa, usikilize tairi inasema nini, usiende asilimia moja zaidi ya kinachoshika. Huyo mtu si ndo kazi yake ya kila wiki hiyo? Lorenzo na Crutchlow walikuwa wepesi kuliko yeye kwenye lami kavu, hilo sibishi na hata yeye nadhani asingebisha. Lakini siku ile mbio zilitaka kitu ambacho Nakasuga alikifanya kila mara akiwa hakuna shabiki hata mmoja kwenye majukwaa.

Kuhusu maisha yake, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1981 mkoa wa Fukuoka, kule Kyushu, kusini magharibi mwa Japani. Alipitia daraja la 250, yani injini za cc 250, kwenye ligi ya nyumbani alafu akapanda JSB1000, ambalo ndo daraja kubwa la mbio za barabara za Japani, pikipiki za injini ya lita moja zinazotokana na zile zinazouzwa dukani. Hapo ndo alipojenga jina. Ubingwa wa kwanza 2008, akarudia 2009, alafu kuanzia 2012 mpaka 2016 akachukua mitano mfululizo, akachukua 2018 na 2019, kisha 2021, 2022 na 2023 alikuwa hashikiki kabisa. Hesabu mwenyewe, hiyo ni 12. Wa mwisho kati ya hiyo aliuchukua akiwa na miaka 42, umri ambao madereva wengi wa rika lake wameshakuwa makocha au wachambuzi wa televisheni. Na usidhani ligi ile ni ya mchezo, Honda wanaleta watu wao, Suzuki na Kawasaki walileta wao, na viwanja kama Suzuka na Sugo havina huruma. Mwaka 2017 Takumi Takahashi wa Honda alimnyang'anya, 2020 akachukua kijana wa Yamaha hiyohiyo Kohta Nozane, 2024 mwenzake wa timu Yuki Okamoto. Kwahiyo ushindani ulikuwepo, ni vile tu yeye alikuwa anarudi.

Sasa kwanini hakupewa kiti cha kudumu MotoGP? Hapa inabidi tuangalie kalenda. Siku anapanda jukwaani Valencia, viti vya 2013 vilikuwa vimeshagawanywa. Valentino Rossi alikuwa anarudi Yamaha kutoka Ducati kuchukua nafasi ya Spies, Lorenzo ndo bingwa, na kwenye timu ya pili ya Tech3 kulikuwa na Crutchlow na Bradley Smith. Nani wa kutolewa hapo? Rossi? Na Nakasuga alikuwa na miaka 31, wakati viwanda vinatafuta watoto wa miaka 20. Ukiniuliza mimi, hata kama kiti kingekuwepo, Yamaha wangefikiri mara mbili. Makao yao makuu yako Iwata, mkoa wa Shizuoka, mainjinia wanaochora injini na fremu wako pale, na wanahitaji dereva mwenye kasi ya karibu na MotoGP anayeishi nao nchi moja, anayeongea lugha yao, anayeweza kuwaambia hii mliyoileta ni mbaya rudini mkaanze upya na wakamsikiliza. Watu wa namna hiyo ni wachache mno. Madereva wa mbio wanapatikana kila mwaka, wakali kabisa, na pia wanaondoka kila mwaka. Kwa kiwanda, kumtoa Nakasuga kwenye majaribio ili awe wa 10 kwenye msimamo wa MotoGP ingekuwa hasara.

Ndo maana kwa miaka mingi walikuwa wanampeleka Motegi, mbio za nyumbani Japani, kama mwalikwa, yani dereva wa ziada anayeingia mbio hiyo moja tu. Watu wanaona anamaliza wa 9, wa 11, wanasema huyu wa kawaida tu. Mara nyingi mwalikwa wa kiwanda anakuwa amebeba vitu vya kujaribu katikati ya mbio halisi, maana kuna mambo huwezi kuyajua kwenye uwanja mtupu, mfano pikipiki inafanyaje ukiwa nyuma ya mwenzako hewa imevurugika na tairi ya mbele inapata moto. Nafasi aliyomaliza sio yote waliyoenda kuitafuta.

Ukitaka kumwona akiwa kiongozi, nenda Suzuka, Masaa 8. Hizi mbio kwa viwanda vya Japani ni heshima kuliko maelezo, zinafanyika katikati ya kiangazi chao, joto na unyevunyevu unaomkausha mtu, madereva wawili au watatu wanapokezana pikipiki moja. Yamaha walikuwa hawajashinda tangu 1996, enzi za Noriyuki Haga na Colin Edwards. Mwaka 2015 wakatoa pikipiki yao ya R1 mpya kabisa na wakarudi na timu ya kiwanda, Nakasuga pamoja na Pol Espargaro na Bradley Smith, wote wawili wa MotoGP. Hapa kuna jambo ambalo shabiki wa kawaida halioni: pikipiki moja, watu watatu, kila mmoja na urefu wake na mtindo wake wa kuingia kona. Huwezi kuipanga impendeze mmoja. Lazima apatikane mtu wa kuipanga ikae katikati, wageni wakipanda waikute iko tayari, inatabirika, haina ujanja. Hiyo ni kazi ya mtu wa majaribio kwa asilimia zote, na mtu huyo alikuwa Nakasuga. Wakashinda. Mwaka huohuo Stoner alirudi kutoka kustaafu kuendesha Honda, mfumo wa mafuta ukagoma kufunga akaanguka vibaya akavunjika, inasikitisha sana ile.

2016 Nakasuga akashinda tena na Espargaro na Alex Lowes, 2017 na Lowes na Michael van der Mark. 2018 aliumia kwenye mazoezi, wenzake wawili wakamaliza kazi bila yeye, na walishinda kwenye pikipiki aliyoiandaa yeye. 2019 ndo ile iliyoumiza watu. Jonathan Rea wa Kawasaki anaongoza, mzunguko wa mwisho, injini ya Suzuki imemwaga oili barabarani, Rea anateleza anaanguka, bendera nyekundu. Yamaha wakatangazwa washindi, wakapanda jukwaani kusherehekea, alafu baada ya Kawasaki kukata rufaa matokeo yakageuzwa, yakahesabiwa kwa mzunguko uliokamilika kabla ya ajali, Kawasaki wakapewa. Kwa mtazamo wangu uamuzi ulikuwa wa haki, Rea alikuwa mbele na oili haikuwa kosa lake, ila roho iliniuma kwa Nakasuga. Na hata 2025 alikuwa hajakaa pembeni, Yamaha waliporudisha timu ya kiwanda Suzuka walimweka yeye na Jack Miller na Andrea Locatelli, wakamaliza wa pili nyuma ya Honda ya Takahashi na Johann Zarco. Alikuwa anafikisha miaka 44 siku chache baadae.

Kitu cha mwisho kuhusu hilo suala la kuonewa. Chukua tena matokeo ya Valencia 2012. Mshindi Pedrosa, baadae akawa dereva wa majaribio wa KTM, na mchango wake kwenye ile pikipiki unasifiwa mpaka leo, 2023 alirudi kama mwalikwa Misano, Italia, akamaliza wa 4. Wa tatu Stoner, bingwa wa dunia mara mbili, akawa wa majaribio Honda kisha Ducati. Lorenzo aliyerushwa, 2020 Yamaha walimchukua kwa majaribio. Crutchlow aliyeanguka akiwa wa pili, kuanzia 2021 akawa wa majaribio wa Yamaha. Michele Pirro, aliyemaliza wa 5 siku ile kwenye pikipiki dhaifu, akaenda kuwa mtu wa majaribio wa Ducati kwa miaka na miaka. Hata mwenzake wa Japani, Takaaki Nakagami, baada ya misimu 7 ya MotoGP na Honda ya timu ya LCR bila kupanda jukwaa hata mara moja, 2025 akahamia kwenye majaribio ya Honda, na mwaka huohuo alialikwa Le Mans, Ufaransa, lami imelowa tena, akamaliza wa 6. Viwanda vya Ulaya vilikuja kuelewa baadae kwamba mtu wa majaribio anatakiwa awe dereva mkali hasa. Nakasuga alikuwa anaifanya hiyo kazi wakati wengi wao bado wanapigania makombe.

Kwahiyo ukipata nafasi tafuta Suzuka ya 2015, uangalie zamu za Nakasuga, usiangalie anampita nani. Angalia muda wa kila mzunguko unapotokea pembeni ya skrini, tairi mpya, tairi imechakaa, anapishana na pikipiki za nyuma, linganisha na wa timu nyingine, alafu uniandikie umeona nini.